Nani Aliye Sugu? Istilahi za Dawa na Bakteria wa Utumbo katika Wilaya za Mbulu na Hanang'

Utangulizi

Miezi michache iliyopita tuliletewa rasimu ya kipeperushi cha elimu ya afya ili tuipitie lugha yake kabla haijapigwa chapa. Kipeperushi hicho kilikusudiwa kusomwa na akina mama wa wilaya za Mbulu na Hanang', mkoani Manyara, nacho kilihusu matumizi ya antibiotiki kwa watoto wanaohara. Kwa upande wa sarufi hakikuwa na kasoro kubwa. Lakini tulipofika ukurasa wa pili tulikuta sentensi tatu zilizotufanya tuweke kalamu chini. Ya kwanza ilisema kwamba dawa hizo "huua vijidudu vyote vya tumboni". Ya pili ilionya kwamba mtu akizitumia ovyo "mwili huzoea dawa na kuwa sugu". Ya tatu ilimtaka mama ahakikishe mtoto "anamaliza dozi". Na mistari minne chini yake ilielezwa kwamba baadhi ya dawa hutolewa "dozi moja tu".

Kila msomaji wetu amepata kuzisikia sentensi za namna hii. Mfasiri hakuzibuni, alizikuta midomoni mwa watu, akaziandika kwa nia njema. Hata hivyo, ya kwanza si kweli, ya pili si kweli, na ya tatu inaweza kueleweka kwa namna mbili zinazopingana. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini tunasema hivyo, na kupendekeza maneno yatakayowasaidia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kulieleza jambo hili bila kupotosha. Tumeona tuyaandike kwa kirefu kwa sababu neno likikosewa katika kitabu cha fizikia, mwanafunzi hupoteza alama. Likikosewa katika karatasi ya dawa, anayepata hasara ni mtoto asiyejua kusoma.

Mahali penyewe na lugha zake

Wilaya za Mbulu na Hanang' ni mahali pa pekee kwa mtu anayeshughulika na lugha. Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, na hasa Wabarabaig wa Hanang', husema lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi husema lugha yenye vidoko, ambayo udugu wake na lugha nyingine yoyote haujathibitishwa. Upande wa Singida wako Wanyaturu na Wanyiramba, ambao lugha zao ni za Kibantu. Juu ya zote hizo kipo Kiswahili, lugha ya shule, ya zahanati na ya duka la dawa.

Maana yake ni kwamba ujumbe wa afya unaoandikwa mjini hutafsiriwa mara mbili kabla ya kumfikia mlengwa. Tafsiri ya kwanza ni ya maandishi, nayo ni kazi yetu. Ya pili ni ya mdomo: muuguzi, au mkwe, au mtoto aliyerudi kutoka shuleni, humgeuzia bibi yake maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiiraqw au ya Kidatoga. Mfasiri huyo wa pili hana kamusi wala muda. Hana jingine la kushika ila neno la Kiswahili tulilompa. Likiwa na ukungu, atautafsiri ukungu huo.

Sehemu hizi pia zinajulikana sana katika utafiti wa magonjwa ya tumbo ya watoto. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko wilayani Mbulu na iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa moja ya vituo vya utafiti mkubwa uliofanyika kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 katika nchi 8: Tanzania, Afrika ya Kusini, Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil na Peru. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 ilionekana kwamba watoto wa chini ya miaka miwili katika vituo hivyo, kwa jumla yao, walipewa antibiotiki kwa wastani wa mara 4.9 kila mwaka. Mtoto aliyefikisha miaka miwili alikuwa ametibiwa kwa dawa hizo karibu mara kumi. Basi si jambo la nadra tunalolizungumzia. Ni jambo la kila nyumba, na maneno yake husemwa kila siku.

Kijidudu, kijasumu, kimelea na bakteria

Tuanze na maneno manne ambayo hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja.

Neno kijidudu ni la udogo, nalo linatokana na mdudu. Watu hulitumia kwa kila kiumbe kisichoonekana kwa macho ambacho hudhaniwa kuleta ugonjwa: bakteria, virusi, amiba, hata mayai ya minyoo. Neno kimelea linatokana na kumea. Ni kiumbe kinachomea juu ya kiumbe kingine na kuishi kwa kumnyonya. Neno kijasumu lina sumu ndani yake, na msikilizaji huisikia sumu hiyo hata kama hajafundishwa etimolojia.

Maneno yote matatu ni majina ya adui. Hakuna hata moja linalomruhusu msikilizaji kufikiri kwamba kiumbe kidogo kilichomo tumboni mwake chaweza kuwa na manufaa. Kwa hiyo mama akiambiwa kwamba dawa itaua vijidudu vyote vya tumboni mwa mwanawe, hana sababu ya kuogopa. Atashukuru. Nani asiyetaka adui zake wote wafe?

Lakini wataalamu wametuonyesha kwamba utumbo mpana wa mtu mzima mwenye afya una matrilioni ya bakteria, na kwamba idadi ya bakteria mwilini inakaribiana na idadi ya seli za mwili wenyewe. Wengi wao ni wakazi wa kudumu. Huvunjavunja nyuzinyuzi za chakula ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga, hutengeneza baadhi ya vitamini, na zaidi ya yote hukalia nafasi. Bakteria mgeni aletaye maradhi akiingia pamoja na maji machafu, hukuta kila pembe ina mwenyewe na chakula kimekwisha kugawanywa. Mara nyingi hupita bila kupata makao.

Ushahidi wa jambo hili si wa jana. Mwaka 1954 watafiti wa Marekani walieleza jaribio walilolifanya kwa panya. Panya wa kawaida walihitaji kulishwa takriban bakteria 100,000 wa jamii ya salmonela ndipo nusu yao wapate maambukizi. Panya waliokuwa wamepewa streptomaisini mara moja tu kabla ya hapo waliambukizwa kwa bakteria pungufu ya 10. Dawa haikuwaleta wale salmonela. Ilichofanya ni kuwaondoa wenyeji na kuuacha mlango wazi. Ndivyo ilivyo pia kwa bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye huleta kuhara kubaya, hasa kwa wagonjwa waliokwisha kutumia antibiotiki: wenzake wanapofagiliwa, yeye husalia na kustawi.

Mkulima wa Mbulu hahitaji darubini kulielewa jambo hili. Anajua kwamba shamba lililolimwa likaachwa bila mbegu halibaki tupu. Huota kitu, na kinachotangulia kuota ni magugu.

Kuhusu wakazi hao wa tumbo, wilaya ya Mbulu na majirani zake wameipa dunia somo. Mwaka 2014 ilitangazwa taarifa ya utafiti uliowalinganisha Wahadzabe 27 na Waitalia 16 wa mjini. Ilionekana kwamba Wahadzabe, ambao hula mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, walikuwa na bakteria wa utumbo wa aina nyingi zaidi kuliko wale wa mjini. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baadhi ya aina hizo hupungua katika msimu mmoja na kurudi katika msimu mwingine, kwa kufuata chakula. Tumbo, kwa hiyo, lina jamii iliyo hai, yenye kupungua na kuongezeka. Kusema kwamba lina "vijidudu" tu ni kama kusema kwamba msitu una "miti" tu, kisha kumpa mtu shoka.

Tunapendekeza basi kwamba neno bakteria litumike kuwa jina la jumla lisilo na lawama, na litumike katika ngeli ya viumbe hai: bakteria huyu, bakteria hawa. Wale wanaokaa tumboni kwa manufaa au bila madhara waitwe bakteria wakazi wa utumbo. Neno kijasumu libaki kwa bakteria waletao maradhi, na kimelea liendelee kuwa jina pana la kila kiumbe kinachoishi kwa kumdhuru mwenyeji wake.

Antibiotiki au kiuavijasumu?

Neno la kigeni ambalo tumelipokea kwa umbo la antibiotiki linatokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "dhidi ya" na jingine lenye maana ya "uhai". Lilienea katika miaka ya 1940 kwa kazi za Selman Waksman, aliyelitumia kwa dawa zinazotokana na viumbe vidogo vyenye kuzuia viumbe vidogo vingine. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, hutokana na ukungu.

Wanaistilahi wa Kiswahili waliunda neno kiuavijasumu, nalo lina sifa nzuri. Limeundwa kwa kanuni za lugha yenyewe, linajieleza, na kwa kuwa na kijasumu ndani yake linaweza kumfundisha msomaji kwamba dawa hii haihusiki na virusi. Faida hii si ndogo, maana kuhara kwingi kwa watoto wadogo husababishwa na virusi, na hapo antibiotiki haina kazi ya kufanya.

Hata hivyo neno hili lina mapungufu mawili ambayo mfasiri hana budi kuyajua. Kwanza, si antibiotiki zote zinazoua. Tetrasaiklini, kwa mfano, kwa kawaida huwazuia bakteria wasiongezeke, na kazi ya kuwamaliza huachiwa kinga ya mwili. Pili, neno kiuavijasumu linaahidi kwamba dawa huchagua: kwamba inawatafuta wenye sumu na kuwaacha wengine. Dawa haichagui hivyo. Humpata kila bakteria ambaye haiwezi kumkosa, awe mkazi au mvamizi. Hapa ndipo jina zuri linapoweza kudanganya zaidi kuliko jina la kigeni lisilosema lolote.

Hatupendekezi neno hilo litupwe. Linafaa katika vitabu vya shule, mradi mwalimu alieleze. Lakini katika karatasi za dawa na vipeperushi vya vijijini twaona ni afadhali kutumia antibiotiki, ambalo wauza dawa na wanunuzi wamekwisha kulizoea, na kulifuatishia maelezo mafupi: "dawa inayoua au kuzuia bakteria, wabaya na wazuri pia". Maneno hayo ya mwisho yasikatwe kwa kubana nafasi.

Nani aliye sugu?

Sasa tunafika kwenye neno lililotupatia kichwa cha makala. Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: kiganja cha mlimaji, goti la mwenye kusujudu. Kutoka hapo tumepata mhalifu sugu, yaani aliyezoea adhabu hata haimwumi tena. Katika fani ya tiba neno hilo limechukua maana zisizopungua tatu. Magonjwa sugu ni yale yadumuyo muda mrefu, kama kisukari na shinikizo la damu. Malaria sugu ilikuwa jina la malaria isiyosikia klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliacha kuitumia kuwa tiba ya kwanza ya ugonjwa huo mwaka 2001. Na kifua kikuu sugu ni kile ambacho bakteria wake hawadhuriki kwa dawa za kawaida. Msomaji akikutana na "maambukizi sugu ya tumbo" atajuaje kama ni ya muda mrefu, au ni yale yasiyosikia dawa?

Tatizo kubwa zaidi limo katika kirai "usugu wa dawa". Kiunganishi -a cha Kiswahili kina kazi nyingi. Katika "ukali wa dawa", dawa ndiyo kali. Katika "woga wa simba", simba aweza kuwa ndiye anayeogopwa. Katika "usugu wa dawa", je, dawa ndiyo sugu? Au mtu? Au mwili? Kirai hakisemi, na pasipo jibu msikilizaji hujitafutia lake. Jibu alilolipata ni lile tulilolikuta kwenye kipeperushi: mwili umezoea dawa.

Kosa hili lina matokeo. Anayeamini kwamba mwili wake ndio unaozoea, huamini pia kwamba yeye ambaye hajawahi kutumia antibiotiki yu salama, na kwamba aliyeitumia ovyo amejidhuru mwenyewe tu. Huona hana deni kwa jirani. Tena huona dawa iliyobaki kabatini, ambayo mwili wa mkubwa "umeizoea", inafaa kupewa mdogo ambaye mwili wake bado mpya.

Ukweli ni kwamba aliye sugu ni bakteria. Wala hakuota sugu kama kiganja kinavyoota. Katika kundi kubwa la bakteria huwamo wachache ambao tangu awali maumbile yao yanawawezesha kuistahimili dawa. Dawa inapokuja, walio laini hufa na wale wachache hubaki, huzaana, na kulijaza kundi zima. Jembe halikuifanya ngozi kuwa ngumu. Ni kana kwamba jembe liliwaondoa wakulima wote wenye viganja laini. Hata miongoni mwa Wahadzabe, ambao wametumia dawa za hospitali kwa nadra, utafiti uliotangazwa mwaka 2015 uliona katika bakteria wa utumbo wao jeni za kustahimili antibiotiki. Mbegu ya usugu ni ya kale. Matumizi yetu ndiyo yanayoimwagilia maji.

Liko na jambo la pili. Mwaka 1959 wataalamu wa Japani, wakichunguza bakteria wa kuhara damu waliokuwa wakizishinda dawa kadhaa kwa wakati mmoja, waligundua kwamba bakteria mmoja aweza kumpa mwenzake jeni za usugu, hata mwenzake akiwa wa aina nyingine. Kwa hiyo bakteria mkazi asiye na madhara, akiisha kuwa sugu, aweza kumrithisha mvamizi silaha hiyo mle mle tumboni. Na kwa kuwa bakteria wa utumbo hutoka mwilini pamoja na choo, hupita kwenye mikono, maji, na maziwa yasiyochemshwa, huingia kwa mtoto ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Mifugo nayo imo katika mzunguko huu, maana ng'ombe na mbuzi hudungwa oksitetrasaiklini na kuishi karibu sana na watu.

Nchi yetu ina mfano wake yenyewe, na unastahili kukumbukwa. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977, bakteria wake walikuwa wakisikia tetrasaiklini. Dawa hiyo ikatumiwa kwa wingi, kwa kutibu na kwa kukinga watu ambao hawajaugua. Fred Mhalu na wenzake wa Dar es Salaam walieleza mwaka 1979 yaliyofuata: baada ya miezi mitano ya matumizi hayo, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Miezi mitano haitoshi mwili wa taifa zima "kuzoea dawa". Inatosha kabisa kwa bakteria, ambao huweza kuongezeka maradufu kwa dakika chache.

Kwa sababu hizo tunalipongeza umbo ambalo limekuwa likitumiwa katika shughuli za Wizara ya Afya: Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa, kwa kifupi UVIDA. Sifa yake ni kwamba linamtaja aliye sugu na linataja anachokishinda. Panapozungumzwa bakteria peke yao, tuseme usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki. Ni kirefu, nasi tunakubali. Lakini urefu wenye maana ni bora kuliko ufupi unaomwacha msomaji abahatishe.

Dozi na kipimo

Neno dozi limeingia katika Kiswahili likiwa na maana iliyopanuka. Kwa daktari, asili yake ni kiasi cha dawa kinachotumiwa kwa mara moja. Kwa wananchi walio wengi, "kumaliza dozi" ni kumaliza vidonge vyote vya siku zote zilizoandikwa. Maana zote mbili ziko hai, na zinapokutana katika ukurasa mmoja huleta mkanganyo.

Mfano mzuri unatoka Haydom. Ule utafiti wa nchi 8 ulikuwa umeonyesha kwamba watoto wengi huwa na vimelea vya maradhi tumboni hata wasipohara, na kwamba baadhi ya vimelea hivyo huambatana na kudumaa. Likazuka swali: je, mtoto akipewa dawa kwa ratiba, bila kungoja augue, atakua vizuri zaidi? Mwaka 2017 na 2018 watafiti waliandikisha watoto wachanga 1,188 katika eneo la Haydom. Kwa bahati nasibu, baadhi yao walipangiwa kupewa azithromaisini walipofika miezi 6, 9, 12 na 15, pamoja na nitazoksanidi katika miezi 12 na 15. Wenzao walipewa kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na nguvu yoyote. Azithromaisini ilitolewa mara moja kila safari. Nitazoksanidi ilitolewa kwa siku tatu. Jaribu sasa kumweleza mama habari hizo mbili kwa neno dozi peke yake!

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Watoto walipofika miezi 18, waliopewa dawa hawakuwazidi kimo wale ambao hawakupewa. Dawa iliyotegemewa kusafisha tumbo haikuongeza urefu.

Haifai hata hivyo kuandika kana kwamba antibiotiki yenyewe ni adui. Jaribio jingine, lililofanyika Malawi, Niger na nchini kwetu wilayani Kilosa, na ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba azithromaisini iliyotolewa mara mbili kwa mwaka ilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban asilimia 13.5 kwa jumla, na zaidi nchini Niger. Baadaye, huko Niger, usugu wa bakteria wa utumbo dhidi ya dawa za jamii hiyo ulionekana kuongezeka katika vijiji vilivyopewa dawa. Faida na gharama zilikuja pamoja. Mwandishi wa vipeperushi asimfiche msomaji lolote kati ya hayo mawili.

Tunapendekeza kipimo kiwe kiasi cha mara moja, na dozi ibaki na maana waliyoipa wananchi, yaani matibabu kamili tangu kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Hivyo tutasema: "Dozi hii ina kipimo kimoja tu" au "Dozi hii ina vipimo 6 kwa siku tatu". Itambulike kwamba kipimo pia ni uchunguzi wa maabara, lakini muktadha hutenganisha maana hizo bila shida.

Kuhara na kuhara damu

Tusisahau maneno ya ugonjwa wenyewe. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameshauri kwamba tiba ya msingi ya mtoto anayehara ni maji yenye chumvichumvi maalumu pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya na kula. Antibiotiki huwekewa hali maalumu, hasa kuhara damu na kipindupindu kikali. Kwa hiyo tofauti kati ya kuhara na kuhara damu ndiyo njia panda ya tiba. Mfasiri anayeandika "kuhara" kwa yote mawili kwa kuepuka kurudia neno damu, amemwondolea muuguzi na mama alama ya barabarani.

Jambo hili ni muhimu zaidi kwa kuwa mama wa kijijini mara nyingi huanzia dukani. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulisogeza dawa karibu na watu, zikiwemo baadhi ya antibiotiki. Ni huduma njema. Lakini mazungumzo ya dukani ni mafupi, nayo huongozwa na maneno machache. "Nipe ya kuua vijidudu vya tumbo" ni ombi lililoundwa na lugha tuliyoizoea. Lugha nyingine ingeunda ombi jingine.

Muhtasari wa mapendekezo

(i) Bakteria: jina la jumla, bila kuashiria uzuri wala ubaya.
(ii) Bakteria wakazi wa utumbo: bakteria wanaoishi tumboni kwa kudumu, wakimfaa mwenyeji au wasimdhuru.
(iii) Kijasumu: bakteria aletaye maradhi.
(iv) Kimelea: kiumbe chochote kinachoishi kwa kumdhuru mwenyeji wake.
(v) Antibiotiki: dawa inayoua au kuzuia bakteria, wabaya na wazuri pia. Katika vitabu vya shule: kiuavijasumu, pamoja na maelezo.
(vi) Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki: uwezo wa bakteria kuendelea kuishi mbele ya dawa iliyokuwa ikiwamaliza. Isiandikwe "usugu wa dawa" wala "mwili kuzoea dawa".
(vii) Kipimo: kiasi cha dawa cha mara moja. Dozi: matibabu kamili.
(viii) Ugonjwa wa muda mrefu: badala ya ugonjwa sugu, kila panapoweza kutokea mkanganyo.

Hitimisho

Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikadiriwa kufa kwa sababu ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Tanzania ilianza kutekeleza mpango wa kitaifa wa kupambana na tatizo hili mwaka 2017, na mpango wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028. Kila mpango wa namna hiyo huanza kwa kuwaelimisha wananchi, na hakuna elimu ipitayo nje ya maneno.

Kile kipeperushi tulikirudisha na sentensi tatu mpya. "Dawa hii huua bakteria wabaya, na wengine wanaomlinda mtoto wako, usimpe bila kuandikiwa na mtaalamu." "Si mwili unaokuwa sugu, ni bakteria, nao huweza kuhama kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine." "Mpe vipimo vyote vilivyoandikwa, wala usiweke akiba wala usimgawie mwingine." Tulipozisoma kwa sauti mbele ya mwenzetu mzaliwa wa Mbulu, akaanza kuzigeuza kwa Kiiraqw palepale, bila kusita. Hapo ndipo tuliporidhika kwamba zimekaa sawa.

Tunawaomba wasomaji wetu, na hasa waalimu na watumishi wa afya walioko wilayani, watuletee maneno wanayoyatumia na wanayoyasikia kuhusu jambo hili. Istilahi haikamiliki mezani kwetu. Hukamilika pale mama anapoisikia, akaielewa, na kurudi nyumbani na dawa ifaayo, au bila dawa kabisa.